Okapi wa Madamu Félicité

Niliingia katika darasa la Madamu Félicité nikiwa nimetumwa kumtoa humo. Nalisema wazi, kwa sababu wanaonisikia nikimsifu leo hudhani nilikuwa upande wake tangu siku ya kwanza. Sikuwa.

Ulikuwa mwezi wa kumi, mwaka 2003. Mimi, Fiacre, nilikuwa nimefundisha miaka mitano kule Iga Barrière, hadi shule yetu ilipochomwa moto. Nilifika mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo, kwa miguu, na mke wangu na watoto wetu wawili, cheti changu cha ualimu nimekikunja ndani ya soksi. Direkta Anaclet alikuwa akijaribu kufungua tena shule ndogo ya msingi iliyokaa katikati ya mitaa miwili, na watu wa mitaa hiyo walikuwa wametoka tu kupigana. Alikisoma cheti changu mara mbili, akaniambia kuna darasa moja tu analoweza kunipa, darasa la kwanza, na kwamba lina mwenyewe.

Mwenyewe ndiye Félicité. Mwezi wa tano, mji ulipowaka, alikuwa akikimbilia uwanja wa ndege huku akimvuta mama mkwe wake, risasi ikampitia kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Madaktari waliuokoa mkono, lakini vidole vilibaki vimenyooka, havikunjiki wala havishiki. Na mwalimu wa darasa la kwanza anaandika kutwa nzima. Anaandika ubaoni, anaandika kwenye daftari za watoto, anashika kidole cha mtoto na kukizungusha mpaka "o" itoke.

"Inspekta atakuja mbele ya Noeli kufika," direkta aliniambia. "Akikuta mwalimu hawezi kuandika, atamuondoa, na darasa litabaki bila mtu. Ingia sasa. Useme unamusaidia."

Félicité alijua. Alikuwa mama wa miaka kama arobaini, mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Asubuhi ile ya kwanza alinitazama nikiwa mlangoni, akasogea ili nipite.

"Karibu, Mwalimu Fiacre. Kaa kule nyuma. Najua kazi yenye ilikuleta, sikukasirikie. Lakini mbele ya kukamata kiti yangu, uniangalie kwanza."

Nikakaa nyuma, juu ya tofali. Madawati yote watu wenye silaha walikuwa wameyafanya kuni. Watoto hamsini na wawili walikaa juu ya mikeka, ukuta nyuma yao umetobolewa na risasi, na katikati ya darasa kulikuwa na nafasi ambayo ungeweza kupitisha baiskeli. Wazazi ndio waliopatana hivyo. Watoto wa upande mmoja wakae karibu na dirisha, wa upande mwingine karibu na mlango. Hakuna aliyevuka.

Jumatano ilikuwa na saa ya travail manuel, kazi ya mikono. Direkta alikuwa ameifuta kwenye ratiba kwa sababu hakukuwa na vifaa hata kimoja, lakini Félicité hakuiacha. Jumatano ile alikuja na mifuko mitupu ya sima, ile saruji ya kujengea, aliyoiokota mahali walipokuwa wakijenga. Ukiufungua mfuko wa sima, ndani kuna tabaka za karatasi ngumu ya kahawia. Aliwapeleka watoto uani, wakaikung'uta na kuipangusa kwa kitambaa chenye maji mpaka vumbi lote likaisha. Tukarudi ndani.

"Leo tunafanya jani," akasema.

Aliwaeleza kwamba yeye ni mtoto wa Epulu, na kwamba baba yake alifanya kazi ya kukata majani msituni, kila siku, kwa ajili ya okapi waliofugwa katika kituo cha wanyama pale. Akasema jani lina mgongo katikati, na pande mbili zinazofanana. Kwa hiyo karatasi unaikunja katikati, unaibonyeza kwa ukucha, halafu unaipasua polepole kwa kupindisha, na ukiifungua, jani limetoka. Makasi hayakuwapo, na hata yangekuwapo, alisema, jani la kupasua kwa vidole ndilo lenye kingo zinazofanana na za kweli.

Kisha akataka kuwaonyesha. Aliikunja karatasi kwa mkono wa kushoto dhidi ya tumbo lake. Akaiweka kwenye meno, akavuta. Ikachomoka, ikaanguka. Akainama, akaiokota, akajaribu tena, ikaanguka. Nami kule nyuma nikaangalia miguu yangu, maana nilijisikia vibaya kwa mambo mengi kwa wakati mmoja.

Mtoto mmoja wa upande wa dirisha aliinuka. Vanessa, miaka sita, gauni lake lilikuwa limeshonwa kwa kitambaa cha pazia. Hakuomba ruhusa. Alienda mbele, akashika ncha ya karatasi kwa nguvu, akamtazama mwalimu wake usoni. Félicité akapasua. Jani likatoka, refu, limejipinda kidogo upande mmoja.

Alilishika juu akaliangalia kitambo kirefu. Mimi nadhani wazo lilimjia pale pale, mbele yetu.

"Mumeona? Jani moja, batu babili. Sasa kila mutu aweke mukono moja kwa mugongo. Bote. Mwalimu Fiacre pia."

Akawapanga wawili wawili kwa urefu. Ukipanga kwa urefu, hujali dirisha wala mlango. Na baada ya dakika tatu ile nafasi ya baiskeli ilikuwa imejaa watoto waliosimama. Nilingoja mmoja akatae, na kweli Delphin, mtoto wa miaka saba mwenye kovu kichwani, akarudi nyuma hatua moja.

"Madamu, huyu si wa kwetu."

"Mi sikuuliza ya kwenu," Félicité akamjibu. "Niliuliza nani anakamata karatasi nguvu. Huyu anakamata nguvu. Anza."

Delphin akaanza. Unapoishika karatasi na mwenzako, yeye akivuta haraka, inakatika vibaya. Wewe ukilegeza, inakunjamana. Lazima mwendane. Wakagombana, wakaelekezana, wakaanza kucheka majani ya wenzao yaliyotoka kama viatu. Mimi nilipewa mtoto wa kamasi aliyefika kiunoni kwangu, na jani letu lilikuwa baya kuliko yote. Alinieleza kwa upole kosa langu lilikuwa wapi.

Tangu siku ile, kazi ya mikono haikungoja Jumatano. Félicité aliigeuza kuwa somo la kusoma. Kila jani lilipewa neno, na neno liliandikwa na watoto wenyewe kwa kipande cha makaa. Yeye aliandika kwa mdomo. "O inaanza huku juu, inashuka kwa kushoto, inazunguka, inarudi kwao. A ni O yenye iko na fimbo. M ni vilima mbili, usikimbie kwa kushuka." Kwanza walichora sakafuni, vumbini, kwa kidole, naye alipita akiinama, akiyafuta makosa kwa unyayo. Wakipata sawa, ndipo wanapewa makaa na jani. *Ndizi. Sombe. Mvua. Mama. Baba.* Mtoto mmoja aliomba neno *nyumba*, na alipomaliza kuliandika alilala na jani lake kifuani mpaka saa ya kutoka.

Mimi nilikuwa na kundi langu la watoto kumi nililopewa na direkta ili nijizoeze. Niliwaandikia ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri, wao wakanakili. Baada ya mwezi mmoja nilimwita mmoja wangu anisomee alichonakili. Herufi zake zilikuwa safi kabisa, ila hakujua hata moja inaitwaje. Nilimwita mmoja wa Félicité. Mwandiko wake ulipanda na kushuka, lakini alisoma mpaka mwisho, akaniuliza kama kuna nyingine.

Jioni ile nilimwambia mke wangu, "Yule mama anajua kufundisha kuliko mimi." Mke wangu alikuwa akigawa muhogo kwa watoto, nami nilijua anawaza tutakula nini yule mama asipotoka.

Majani yalihitaji kubandikwa ukutani, na Félicité alipika gundi kwa unga wa muhogo. Hapo ndipo alipokuja Gertrude. Alikuwa mzazi, mkimbizi kutoka Djugu, mwenye watoto wanne aliowalea peke yake chini ya turubai. Aliingia katikati ya somo, bila kubisha hodi, amemshika binti yake mkono, na vidole vya mtoto vilikuwa vyeupe kwa gundi iliyokauka.

"Madamu, hii ni unga?"

"Ni unga, mama."

"Siye tunalala njaa. Mutoto yangu analamba mikono yake ndani ya nyumba, ananiambia kwa shule banapaka unga kwa ukuta. Weye, na akili yako, unapaka unga kwa ukuta?"

Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa zito zaidi. Niliwaza, sasa amekwisha. Félicité alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Uko na haki, mama. Sikufikiri. Unisamehe."

Kesho yake hakukuwa na gundi. Mchana alikwenda kwenye mashine ya kusaga ya bwana Nicolas, karibu na soko, akamwomba vumbi linaloganda kwenye kuta na chini ya mashine, lile lililochanganyika na mchanga, ambalo kuku wenyewe huliparua na kuliacha. Nicolas alimruhusu kama atafagia mwenyewe. Kwa hiyo kila Jumamosi mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa akifagia kinu, ufagio ameubana kwapani, na kutoka na kopo la vumbi la kijivu. Gundi yake ilinuka, lakini ilishika. Jumamosi ya tatu alimkuta Gertrude mlangoni kwa Nicolas, amejifunga kitenge, ufagio wake mwenyewe mkononi. Walifagia pamoja. Nilisimuliwa hayo na Nicolas, kwa maana wao wawili hawakuwahi kuyasema.

Kufikia mwisho wa mwezi wa kumi na moja, ukuta wenye matundu ya risasi ulikuwa umefunikwa, kutoka sakafuni hadi mahali ambapo mikono ya watoto ilifika wakipanda juu ya mabega yangu. Ndiyo, mabega yangu. Nilikuwa nimeshaacha kukaa nyuma.

Delphin ndiye aliyeuliza, "Madamu, majani yote hii, nani atakula?"

Basi akawaeleza okapi. Mnyama mkubwa kama ng'ombe mdogo, rangi ya kahawia iliyoiva inayong'aa kama imepakwa mafuta, masikio mapana, mapaja na miguu yenye mistari myeupe. Ulimi wake mrefu, mweusi wa buluu, na kwa ulimi huo anaweza kulamba masikio yake mwenyewe. Watoto walicheka wakasema anadanganya. Mtoto mmoja akajaribu kulamba sikio lake, wakajaribu wote, na somo likaharibika.

"Tutamufanya," Félicité akasema. "Halafu mutaamini."

Mifupa niliifunga mimi. Nilikata matete bondeni, nikayafunga kwa kamba za migomba, shingo nikaijenga mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza alikuwa mbuzi. Ngozi walifanya watoto, wawili wawili, kwa vipande vya karatasi ya sima vilivyopasuliwa kama magamba na kupakwa makaa na mawese kidogo mpaka vikang'aa. Mistari ilitoka kwenye karatasi za mitihani ya zamani, iliyochanika katika uporaji. Kwenye paja la kushoto ungeweza kusoma nusu ya hesabu ya mtu. Ulimi ulitusumbua. Hatukuwa na rangi ile, mpaka Vanessa alipokuja na kipande cha karatasi ya kaboni alichokiokota nje ya ofisi iliyoporwa, cheusi cha buluu, kinachoacha alama kwenye vidole. Félicité alipokiona alikaa chini.

"Ni ile ile," akasema. "Ni ile rangi kabisa."

Inspekta Gaspard alikuja Jumanne, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Alikuwa mzee mwenye koti la vifungo vyote na mkoba wa ngozi, mtu ambaye walimu walimwogopa tangu kabla ya vita. Direkta Anaclet aliingia nyuma yake, akijifuta jasho. Inspekta aliangalia ubao. Ulikuwa mtupu.

"Mwalimu ni nani hapa?"

Direkta alinionyesha mimi kwa mkono. Alifanya hivyo kwa nia njema; alitaka kuokoa darasa. Nami nilikuwa na watoto wawili nyumbani, na mtu atakayesema kwamba nilijibu mara moja anadanganya. Félicité hakunitazama. Alikuwa amemgeukia mtoto mmoja, anamfunga kifungo cha shati kwa mkono wa kushoto, kana kwamba jambo hili halikumhusu.

"Mwalimu ni yule mama, monsieur l'inspecteur," nikasema. "Mimi ninajifunza kwake."

Inspekta aliuona mkono. "Huyu anaandikaje?"

"Siandike," Félicité akajibu. "Batoto njo banaandika."

Inspekta alitembea kando ya ukuta, akasoma majani. Akalinyooshea kidole moja, Delphin akalisoma. Akanyooshea lingine, Vanessa akalisoma. Akakunja uso. "Wamekariri. Watoto wa umri huu hukariri ukuta mzima."

"Basi mubape neno yenye haiko kwa ukuta," Félicité akasema. "Yoyote."

Inspekta alifikiri. Nilimwona akitafuta gumu. "Barabara," akasema.

Watoto hamsini na wawili wakapiga magoti, wakaandika vumbini. Wengine walitikisa midomo: ba, ra, ba, ra. Inspekta alipita kati yao ameinama, mikono nyuma, akihesabu kwa sauti ndogo. Ilimchukua muda. Alipofika mwisho alinyooka, akajishika kiuno.

"Arobaini na saba," akamwambia direkta. "Arobaini na saba wameandika sawa." Akawageukia watoto. "Nani aliwafundisha kuandika hivi?"

"Madamu."

"Kwa mkono gani?"

Wakatazamana, kwa maana swali lilikuwa rahisi mno. Vanessa akajibu, "Kwa yetu."

Mzee alivua miwani. Aliipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akaenda kwenye kona alipokuwa amesimama mnyama wetu.

"Na huyu punda?"

Darasa zima likamrukia. Si punda, ni okapi, punda haiko na ulimi kama hii, aangalie mistari, aangalie masikio, anayalamba mwenyewe. Inspekta alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta, na hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ualimu, nikaona inspekta akicheka mbele ya wanafunzi.

Ripoti yake ilikuwa ya kurasa mbili. Félicité alibaki na darasa lake. Direkta aliruhusiwa kufungua darasa la pili, akanipa mimi, na jioni ile tulikula nyumbani kwangu kwa kelele. Mwishoni mwa ripoti kulikuwa na mstari mmoja ulioandikwa kwa mkono: mnyama aletwe kwenye ukumbi wa katikati ya mji siku ya walimu, tarehe thelathini ya mwezi wa nne.

Tulimleta. Asubuhi ya siku hiyo, mwaka 2004, wazazi kumi na sita walimbeba okapi juu ya miti miwili. Darasa la kwanza lilitangulia, kila mtoto na tawi la majani ya karatasi, na Félicité mbele yao wote, amevaa kitenge kipya alichoshonewa na Gertrude. Njia ya kwenda ukumbini inapita katika mitaa yote miwili. Kwa mwaka mzima watu walikuwa wakizunguka mbali ili wasiipite. Mwanzoni akina mama walituangalia kutoka milangoni, mikono imekunjwa. Kisha mmoja akauliza, "Mumebeba nini?" na watoto wakamjibu kwa pamoja, naye akatoka ili aone vizuri, na jirani yake akatoka. Kwenye njia panda tulikutana na gari la chuma la askari wa Umoja wa Mataifa. Likasimama. Askari aliyekuwa juu alivua kofia yake ya buluu, akaiweka kifuani mpaka mkia wa okapi ulipopita. Tulipofika boulevard, ile barabara kuu ya mji, watu waliotufuata walikuwa wengi kuliko sisi, wa mitaa yote, na vumbi lilipanda mpaka wauza maandazi wakafunika mabeseni yao.

Ukumbi wenyewe ulikuwa ua wa wazi usioezekwa, na mlango wake ulikuwa mwembamba. Okapi hakuingia kwa mbele, wala kwa nyuma, wala kwa ubavu, na ndani walimu wa shule zote walikuwa wanangoja. Mtu akasema tumkate shingo tumbandike tena. Watoto walianza kulia. Ndipo direkta Anaclet, mwenye suti na tai, akavua viatu, akapanda juu ya ukuta wa ua. Inspekta mmoja akamfuata, na wengine wawili, mpaka wakawa wanaume wanne wenye tai wamekaa ukutani kama wapanda farasi, wakimpokea mnyama kwa kumshika miguu na kumpitisha juu ya vichwa vyao, huku Anaclet akipaza sauti, "Masikio! Muangalie masikio!"

Félicité yeye aliingia kwa mlango. Alikuta wamemwekea kiti safu ya mbele, kati ya wakubwa, jina lake limeandikwa juu ya karatasi. Alilisoma jina lake, akakaa, akavua viatu kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma, na ukumbi wote ukasimama kumpigia makofi.